Nauli ya Mwezi

Mwaka ule Babati ilipopewa mkoa, watu walitembea wameinua mabega kidogo. Mji ambamo mabasi ya Dodoma yalikuwa yakisimama tu ili abiria wanunue miwa na kunyoosha miguu, sasa ulikuwa makao makuu ya Manyara. Vyumba vya kupanga pale Bagara vilipanda bei kabla hata bendera haijapanda. Waliofurahi kuliko wote ni mafundi ujenzi, maana kila ulikogeuka kulikuwa na msingi unachimbwa. Na katikati ya furaha hiyo, Remigius, fundi wa plasta ambaye kuta zake zilisifiwa mpaka Magugu, aliinamia pipa la chokaa akamimina maji. Chokaa ikachemka, ikamrukia usoni.

Siku yenyewe tuiache ilivyo. Jicho la kulia lilikwisha pale pale. La kushoto, daktari wa Moshi alisema litaokoka kwa sharti moja tu: mgonjwa arudi kila mwezi, asikose hata mara moja, mpaka kiangazi kiishe. Akikosa, basi. Dawa hospitali ingetoa. Nauli wajitegemee.

Basi mkewe, Redempta, tangu siku hiyo hakuwa na wazo lingine kichwani. Akichambua maharage kwenye ghala la mnunuzi, ni nauli. Akisonga ugali, nauli. Hata akisali rozari, katikati ya salamu Maria inajichomeka nauli, inambidi aanze upya.

*

Asubuhi moja ya mwisho wa Aprili, masika yamechoka kidogo, Remigius alikuwa barazani, macho yote yamefungwa bendeji, redio iko mapajani. Binti yao Irine, wa darasa la tano, alikaa miguuni pake na ungo wa maharage. Redio ikasema kwamba kijana mmoja wa Afrika Kusini amekwenda anga za juu, amepanda chombo cha Warusi, na nauli amelipa mwenyewe.

"Baba, umesikia? Amelipa mwenyewe!"

"Nimesikia. Dola milioni ishirini."

"Hiyo ni shilingi ngapi?"

"Mwanangu, hiyo ukienda kuibadilisha, Babati nzima hakuna magunia ya kuibebea."

Irine akafikiri. Alikuwa mtoto wa maswali huyu. Kwenye mafundisho alishamuuliza katekista Teodori hivi: mtu akiwa mwezini Ijumaa Kuu, anafunga kwa saa za wapi? Teodori akajikuna kichwa, akasema atamuuliza Paroko, na mpaka leo hajamuuliza.

"Sasa sisi watu wa kawaida tutakwenda lini?"

"Ngoja kwanza nipone," alisema Remigius, na mdomo wake ulicheka chini ya bendeji. "Hata huko watajenga. Nitawapigia plasta, nauli wanikate kwenye mshahara. Wewe utakuwa unanishikia ngazi."

"Kweli baba?"

"Wewe Irine!" Redempta alitokea mlangoni, ufagio mkononi. "Mwezini, mwezini, na nauli utapewa na nani? Hebu chambua hayo maharage. Jiwe likimvunja mtu jino humu ndani utaziona hizo nyota mchana."

Irine akainamisha kichwa. Redempta akarudi ndani, moyo ukamuuma, maana hakumkasirikia mtoto. Neno lile nauli ndilo lililomchoma. Jumatatu inayofuata ndiyo ilikuwa siku ya Moshi, na ndani hapakuwa na kitu.

*

Alikwenda kwa Heriel, msimamizi wa lile jengo alikoungulia mumewe, Mpare mmoja mwenye sauti ya chini na kofia ya plastiki. Safari ya kwanza ya Moshi alilipa yeye bila kuombwa. Safari hii alimkalisha Redempta juu ya mfuko wa saruji, akasimama mbele yake akipiga-piga kofia kwenye paja.

"Mama Irine, sitaki nikudanganye. Hela ya awamu hii haijatoka. Hawa vijana wenyewe wananidai."

"Naelewa, Bwana Heriel."

"Kama ningekuwa nayo..."

"Naelewa kabisa."

Heriel akaona aibu, na mwanamume akiona aibu hutafuta cha kufanya. Akaita, "Jamani, mleteeni mama soda!"

Soda ikaja, ya moto kwa jua. Kukataa ingekuwa kumtukana. Redempta akainywa pale pale, mbele ya vijana waliosimamisha makoleo wakimtazama koo. Kila funda aliliona linapita ni senti za nauli zinashuka tumboni. Alipomaliza alirudisha chupa kwa mikono miwili, akasema, "Tunashukuru." Kijana mmoja akamwambia polepole, "Msalimie fundi." Hapo ndipo alipokaribia kulia, akaondoka haraka.

Ilibaki jumuiya. Na jumuiya ndiyo ilikuwa ngumu kuliko Heriel. Mnajua jumuiya zetu: nyumba chache za mtaa mmoja, kila Jumamosi mnasali kwa mwenzenu kwa zamu, mnajuana mpaka rangi za mashuka. Wakati wa Kwaresima, Jumuiya ya Mtakatifu Ana ilimletea Redempta riziki ya unga. Mwenyekiti, Mama Vicent, muuza samaki, aliubeba kichwani mwenyewe. Redempta alisimama mlangoni, akatabasamu, akasema: "Tunashukuru, tunayo." Hawakuwa nayo. Jana yake walilalia maboga ya kuchemsha. Lakini alitoka Mbulu na mwanamume wake wakaja mjini kujitafutia, na kuletewa unga mbele ya majirani kulimshinda. Mama Vicent alijitwika unga wake, akaondoka.

Sasa unamrudia vipi mtu huyo?

Akamwita Irine. Akampangusa uso na upindo wa kanga, akamshika mabega.

"Nenda sokoni kwa Mama Vicent. Msalimie vizuri. Mwambie, mama anaomba jumuiya itusaidie nauli ya mwezi. Sema hivyo hivyo. Usiongeze neno, nakujua wewe."

Kosa ndilo hilo. Mtoto ambaye siku zote huongeza maneno, ambaye angeongeza tu "ya Moshi" au "ya baba" mambo yakaisha, siku hiyo akaamua kutii.

*

Meza ya Mama Vicent ilikuwa imezungukwa na wanawake, perege wa ziwani wakirusharusha mikia. Mama Vicent mwenyewe alikuwa jitu la mama, akicheka nzi wote wanaruka.

"Shikamoo Mama Vicent."

"Marahaba mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri," alisema Irine, kama watu wote wanavyosema. Akavuta pumzi. "Mama anaomba jumuiya itusaidie nauli ya mwezi."

Kisu kikasimama. "Nauli ya nini?"

"Ya mwezi."

"Yesu na Maria!" Mama Vicent akaweka kisu chini kabisa. "Irine! Umeshamwambukiza na mama yako mambo ya mwezini! Mnaondoka lini?"

"Jumatatu."

Hapo meza nzima ililipuka. Mwanamke mmoja alishika mti wa kibanda asianguke.

"Na mnarudi lini?"

"Jumanne," alisema Irine, akirudi nyuma hatua moja.

"Jumanne! Jamani Warusi waje wajifunze hapa Babati!"

Walicheka mpaka machozi. Hawakuwa na ubaya, na pengine hata mimi na wewe tungecheka. Lakini Irine aligeuka akakimbia, na Mama Vicent, akijifuta macho kwa kiwiko, akamwita huku ameshika samaki, "Irine! Njoo uchukue kitoweo!" Mtoto hakugeuka.

Nyumbani alisimama mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Wamecheka."

"Wamecheka?" Redempta alikaa juu ya kigoda. "Nani?"

"Wote, mama."

Kutoka barazani Remigius aliuliza, "Wamecheka nini?" 

Asubuhi ya pili bombani Redempta akayasikia maneno kwa masikio yake. "Mama Irine, huko mnakokwenda kuna maji? Bebeni ndoo!" Na mwingine, "Ukifika utupungie mkono!" Redempta hakuelewa nusu yake, wala hakutaka kuelewa. Alichosikia ni kwamba shida ya nyumbani kwake imekuwa wimbo wa bombani. Alijitwika ndoo haijajaa, akaondoka shingo imenyooka, maji yakimwagika mgongoni.

Siku hiyo Remigius alipapasa ukutani mpaka kona ya chumba, akainama, akavuta gunia lake la kazi. Mwiko, timazi, pima maji, ubao wa kulainishia.

"Uza," alisema.

"Ukipona utafanya kazi na nini?"

"Nisipopona je?"

Redempta akatazama ule mwiko, mpini wake umeliwa ukakaa umbo la kiganja cha mumewe. Akaulizia mnunuzi, wakapatana alipeleke gunia Jumamosi mchana, jumuiya ikishatawanyika. Maana balaa haliji peke yake siku hizo: zamu ya jumuiya Jumamosi ile ilikuwa kwao.

*

Walikuja wengi kuliko kawaida. Redempta aliazima mikeka, akapanga, akasalimia, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitikiwa, "Milele amina," na hakumtazama mtu usoni. Gunia la kazi alikuwa amelisukuma chini ya kiti cha mumewe. Walisali, wakasoma Injili, wakatafakari. Mama Vicent alikuwa kimya tafakari nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu jumuiya ianzishwe.

Walipofika kwenye matangazo akasimama. Mkononi alikuwa na sufuria kubwa yenye mfuniko.

"Wanajumuiya, mmesikia wenyewe mji mzima unavyosema. Kuna suala la nauli ya mwezi."

Kicheko kikapita mkekani. Redempta alihisi damu inampanda masikioni. Nyumbani kwangu, alijisemea. Wamekuja kunichekea nyumbani kwangu, mbele ya mume wangu kipofu.

"Mwafrika Kusini amekwenda kwa hela yake," aliendelea Mama Vicent. "Sisi Babati hatuna mtu wa hela yake. Lakini mkoa mpya huu, tutashindwa kupeleka mmoja? Naanza mimi." Akafunua mfuniko kidogo tu, akatumbukiza, akafunika. "Irine, ukifika niangalizie kama kuna ziwa. Kama kuna ziwa kuna samaki."

Sufuria ikaanza kutembea. "Mimi nachangia lakini safari ijayo kiti cha dirishani ni changu," alisema mmoja. Mwingine akaomba aletewe kokoto ya kule, aiwekee bibi yake dirishani. Vijana wawili wakagombana nani atabuku siti ya nyuma, na mmoja akatoa buku nzima, shilingi elfu, ili amshinde mwenzake. Katekista Teodori akatumbukiza chake, akasema, "Hii ni faini ya lile swali. Ukifika, Irine, uone wenyewe wanafunga saa ngapi, unijibu mimi." Irine, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, akatoa kichwa. Mtoto akaanza kucheka.

Mlangoni ikasikika hodi. Heriel, kofia mkononi, vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Mimi Mlutheri," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Huko mwezini mnapokea na Walutheri?"

"Ukilipa nauli!" nyumba nzima ilimjibu. Akaingia akalipa, na vijana wake wa makoleo walikuwa wamemtuma na vyao. Hakumtazama Redempta. Redempta naye alikuwa amekaza meno, ameshapanga maneno yake. Sufuria ikimfikia atasimama, atasema ile kauli yake ya siku zote, Tunashukuru, tunayo, na atawafungulia mlango.

Kabla haijamfikia, baiskeli iliangushwa uani. Akaingia Egidius, kaka mkubwa wa Remigius, mkulima wa kijiji cha Mutuka, jasho linamtiririka, viatu vya matairi vimejaa tope. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja akapiga magoti mbele ya mdogo wake, akamshika mikono.

"Mdogo wangu. Nimesikia jana mnadani. Wanasema hospitali za huku zimeshindwa zote. Wanasema dawa ya jicho lako iko mwezini."

Aliyekuwa na sufuria akaishusha mkekani.

"Mimi sikusoma," alisema Egidius. "Sijui ni mbali kiasi gani. Nimeuliza watu, wanacheka tu. Nikasema, huyu ni ndugu yangu tumbo moja, kama dawa iko huko ataenda huko. Nimemuuza yule beberu." Akachomoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mapajani pa Remigius. "Najua haitoshi. Ni ya kuanzia. Mbaazi zikikomaa nitaleta nyingine."

Hakuna aliyecheka sasa. Remigius alipapasa lile fundo, akapapasa uso wa kaka yake, mabega yakaanza kumtikisika.

"Usilie!" Redempta alipiga kelele. "Baba Irine usilie, daktari amekataza machozi!"

"Silii," alisema Remigius. "Nacheka. Kaka, unanipeleka mwezini kwa beberu mmoja!" Akacheka kweli, Egidius akishangaa amekosea wapi, na nyumba yote ikacheka naye na kulia kwa niaba yake, maana yeye alikatazwa.

Sufuria ilikuwa imefika miguuni pa Redempta. Akasimama. Akafungua mdomo.

"Tunashukuru," alisema.

Neno la pili alilitafuta, hakulipata. Lile la *tunayo* liligoma kutoka kabisa.

"Tunashukuru," alirudia, akakaa chini, akajifunika uso na kanga.

*

Mama Vicent alimkuta uani, amejifanya anaokota kuni.

"Nisamehe, Mama Irine. Siku ile nilicheka kweli. Usije ukadhani mimi mtakatifu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikarudi nyumbani, naparua samaki, nacheka bado. Mara nikamsikia mtoto vizuri. Mwezi! Si ule wa juu, ni huu wa kuhesabu! Kisu kiliniponyoka."

"Sasa kwa nini hukuja ukaniambia?"

"Nije nikwambie nini? Nije na hela mkononi, uniambie tunashukuru, tunayo?" Mama Vicent akashika kiuno. "Unga wako niliula mimi na wanangu, na kila tonge lilinikwama kooni. Nikasema safari hii hanirudishi. Watu wameshaanza kucheka mwezi, basi wacheke na mifuko yao. Niliowaona sikuwaficha, niliwaambia ukweli wote, isipokuwa shemeji yako wa Mutuka, huyo habari alizipata mnadani. Lakini nikawaonya: atakayeionea huruma nyumba hii nitamkata na kisu cha samaki. Toeni mkicheka."

Redempta akaziangusha kuni. Wakashikana, harufu ya perege na harufu ya moshi, wakalia wanawake wale wawili kama waliofiwa, ingawa hakuna aliyefiwa.

"Jumatatu basi linalotoka Dodoma," alisema Mama Vicent akipenga kamasi, "nimeshaongea na konda. Viti viwili vya mbele. Nyuma kuna kurushwarushwa, jicho halitaki. Na lile gunia chini ya kiti cha mzee lirudishe ulikolitoa. Unadhani sikuliona?"

*

Walikwenda Jumatatu, wakarudi Jumanne, kama Irine alivyosema. Mwezi uliofuata sufuria ilipita tena, na uliofuata, kila mtu na utani wake, na Redempta kila mara akasema lile neno moja akanyamaza. Egidius alieleweshwa, akakasirika siku nzima, kisha akaendelea kuleta mahindi, eti huko Moshi nako ni mbali.

Kiangazi kikaisha. Safari ya mwisho, daktari alifungua bendeji, akasema sasa mkingeni na jua kali tu, na wawili hao wakapanda basi wakarudi, Remigius amekaa dirishani njia nzima akisoma vibao kwa sauti mpaka abiria wakamwomba apumzike.

Waliposhuka Babati jua lilikuwa limezama tu. Irine alikuwa akiwangoja barabarani na Mama Vicent. Walitembea wote wanne kuelekea nyumbani Bagara, na juu ya mlima Kwaraa mwezi ulikuwa umetoka, mzima, mwekundu kidogo kwa vumbi. Remigius akasimama katikati ya njia.

"Nauona," alisema. "Ule pale. Nauona na madoa yake." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini mbali, jamani. Mbali kweli kweli."

Irine alikuwa amemshika mama yake mkono. Tangu siku ya samaki hakuwahi kuuliza tena habari za anga. Sasa alitazama juu, akamtazama mama yake, akajaribu polepole, kama mtu anayekanyaga tope.

"Mama, siku moja nikitaka kwenda kweli. Nauli nitapewa na nani?"

Redempta alimtazama mumewe aliyesimama njiani akitazama juu kwa jicho lake moja, na Mama Vicent akimtania asijikwae.

"Na jumuiya," alisema.